Stesheni Kongwe na Treni za Abiria wa Kila Siku: Safari ya Nairobi, Limuru na Mombasa

Jumatatu, Nairobi

Jengo la Stesheni Kuu ya Nairobi lingali limesimama, na hilo ndilo jambo la kwanza nililotaka kulihakikisha kwa macho yangu kabla sijapanda treni yoyote. Nilifika alfajiri, saa ambayo treni kutoka Syokimau, Embakasi, Ruiru na Limuru huingia moja baada ya nyingine, na abiria wakawa wanamiminika kuelekea mjini kwa haraka ya watu wanaosubiriwa kazini. Sikumwona hata mmoja aliyeinua macho kutazama jengo. Sikuwalaumu, kwa kuwa stesheni iliyo hai haitazamwi, inapitwa tu. Hofu yangu ni ya siku ambayo watu watasimama mbele yake kuipiga picha kwa sababu haina shughuli nyingine tena.

Siku hiyo huenda isiwe mbali. Desemba 2022 ulizinduliwa mradi wa Jiji la Reli, unaokusudia kuijenga upya ardhi ya ekari 425 katikati ya Barabara ya Haile Selassie, Uhuru Highway, Barabara ya Bunyala na Barabara ya Landhies, pamoja na stesheni kuu mpya kabisa. Mimi si mpinzani wa mradi huo. Reli iliyoanzia Mombasa iliufikia uwanda wenye majimaji wa Nairobi mwezi Mei 1899, ikajenga bohari na karakana zake hapo, na mji ukaota kuizunguka. Kwa hiyo mji unaporudi kuijenga reli baada ya kuitelekeza kwa miongo mingi, unarudi kwa mama yake. Ninalotaka kujua ni kazi gani itakayopewa majengo ya zamani pindi stesheni mpya itakapofunguliwa, maana jengo lisilo na kazi hubomoka hata kama hakuna aliyeagiza libomolewe.

Mchana nilikwenda Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo yenyewe yamo ndani ya eneo la mradi. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye behewa ambalo ofisa wa polisi Charles Ryall alishambuliwa na simba ndani yake, katika stesheni ya Kima, mwezi Juni 1900. Alikuwa amejificha humo na wenzake wawili ili amvizie simba aliyekuwa akiwala watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia kwa mlango na kutoka na mwili wake kwa dirisha. Nililitazama dirisha hilo kwa muda mrefu. Ni dogo, na mbao zake zimelainishwa na mikono ya vizazi vya wanafunzi ambao kila mmoja lazima aliguse.

Hata hivyo kilichonishika zaidi ni vyombo vya kutolea tokeni, yaani kifaa ambacho dereva alikabidhiwa kama kibali cha kuingia kipande cha njia; ni visanduku vizito vya chuma ambavyo mgeni huvipita bila kusimama. Katika reli ya njia moja, treni mbili zikikutana uso kwa uso hakuna pa kukwepea. Kwa sababu hiyo kila stesheni ilikuwa na chombo kilichounganishwa kwa waya wa umeme na chombo cha stesheni jirani, na viwili hivyo viliruhusu tokeni moja tu itoke kwa wakati mmoja. Dereva asiyekabidhiwa tokeni hakuondoka, awe amebeba abiria, kahawa au gavana. Stesheni masta wa upande huu hakuweza kuitoa bila ridhaa ya mwenzake wa upande ule. Nikaona kwamba mazungumzo yetu juu ya kuhifadhi stesheni yanaanza pabaya: tunachagua jengo moja zuri, tunaliwekea kibao, tunaliacha peke yake, ilhali stesheni haikuwahi kufanya kazi peke yake hata siku moja. Hizi ni pete za mnyororo mmoja, na zinapaswa kulindwa kama mnyororo.

Jumanne, Makadara na Syokimau

Nimezunguka siku nzima kwenye njia ya Syokimau. Kituo chenyewe kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, na ndicho kilichowashawishi watu wengi wa Nairobi kwamba treni ya abiria wa kila siku inaweza kuwa usafiri wa heshima. Baadaye SGR, yaani reli mpya ya geji ya kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, ilipoanza mwaka 2017, kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa huko huko, na abiria anayetoka Mombasa akawa anahitaji treni nyingine ya kumfikisha katikati ya mji.

Mwaka 2020 ziliingia treni za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania. Hazivutwi na kichwa kama treni tulizozizoea. Injini zake zimo chini ya mabehewa yenyewe, na sakafu yake iko juu. Msomaji asiipuuze habari hii ya sakafu, kwa sababu ndiyo inayoamua hatima ya stesheni nyingi kuliko tangazo lolote la serikali. Stesheni kongwe za reli hii zilijengwa na jukwaa la chini, na abiria alipanda behewa kwa vidato huku ameshika chuma cha mlangoni. Treni ya kisasa inataka jukwaa linalolingana na sakafu yake, ili abiria mia kadhaa waingie na kutoka katika muda wa dakika moja au mbili, na ili mzee mwenye mkongojo au mama mwenye mtoto mgongoni asihitaji kuvutwa mkono.

Sasa fikiria mhandisi aliyesimama mbele ya jengo la zamani ambalo baraza lake limetengana na reli kwa hatua chache tu. Akiliinua jukwaa, sakafu yake inafika usawa wa madirisha ya jengo, mlango wa ofisi unazibwa, na maji ya mvua yanayoteremka kutoka jukwaani yanaelekea chumba cha tiketi. Akitaka kuokoa jengo itambidi achimbe mitaro, ajenge ngazi na mteremko, na alipe gharama ambayo hakuna aliyeiweka kwenye bajeti. Njia rahisi ni kusogea mbele kidogo kwenye uwanja mtupu na kuanza upya. Jengo la zamani haligusiki, na katika ripoti itaandikwa kwamba limehifadhiwa. Baada ya miaka michache mabati yanang'olewa usiku, na wa kuuliza hayupo, kwa sababu abiria sasa wanapita mbali nalo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba adui si treni mpya. Pale Makadara nilisimama jukwaani jioni, watu wakashuka kwa utulivu, hakuna aliyeruka wala kuanguka, na sitakubali kuambiwa kwamba tulikuwa na hali bora zaidi zamani. Gharama ya kulisogeza jengo la zamani karibu na jukwaa jipya, au jukwaa jipya karibu na jengo, ingewekwa ndani ya mradi tangu mchoro wa kwanza, isingekuwa kubwa mbele ya gharama nyingine. Inakuwa kubwa inapoletwa mwishoni kama ombi la wapenda historia.

Jumatano, Ruiru na Thika

Treni za njia hii zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Anayetaka kwenda kinyume cha umati hana la kufanya ila kutafuta matatu, nami nilifika Thika kwa barabara.

Reli ilifika Thika mwaka 1913 kufuata mkonge na kahawa ya mashamba ya walowezi, ikaendelea kusogea kaskazini hadi Nanyuki. Huduma ya abiria ya Nanyuki ilifufuliwa mwaka 2020 baada ya kimya kirefu. Stesheni zote za njia hii zina alama ya asili yake: ghala kubwa la mizigo, kisha jengo dogo la abiria, kana kwamba watu walikumbukwa baada ya magunia. Ghala ni sehemu ya stesheni kama vile dirisha la tiketi lilivyo, lakini katika mipango ya leo ghala ndilo linaloondoka kwanza kwa sababu lina eneo kubwa la kuegeshea magari.

Karibu na Ruiru nilizungumza na mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alinikaribisha chai na kunieleza ratiba ya stesheni masta wa wakati wake: kupima vifurushi kwenye mizani, kuandika kila treni katika daftari kubwa kwa saa na dakika, kupokea simu ya stesheni jirani, kutoa tokeni, kuuza tiketi, kusuluhisha ugomvi wa mizigo, na usiku kuhakikisha taa za ishara zina mafuta. Nilimuuliza angependa jengo la stesheni aliyoifanyia kazi lifanyiwe nini.

“Mwanangu,” akanijibu, “mimi sitaki picha yangu ukutani. Wekeni mtu auze tiketi.”

Nimeyafikiria maneno hayo tangu tulipoagana. Wengi wetu tunaodai uhifadhi hukimbilia kupendekeza makumbusho, mkahawa au ukumbi wa sanaa. Mapendekezo hayo yana nafasi yake mahali ambapo reli imekufa kabisa. Mahali ambapo treni inasimama mbele ya jengo kila siku, kulifanya jengo hilo mkahawa huku tiketi zikiuzwa kwenye kontena la chuma hatua chache kando ni kulinyang'anya kazi yake bila sababu. Chhatrapati Shivaji Terminus ya Mumbai, iliyojengwa katika karne ya 19, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004, na hadi leo ni miongoni mwa stesheni zenye abiria wengi sana wa kila siku nchini India. Hakuna aliyeona kwamba heshima ya urithi inadai abiria waondolewe. Ikumbukwe kwamba wengi wa vibarua takriban 32,000 walioletwa kuijenga reli yetu walitoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kazini. Yako mengi ya kujifunza kutoka ng'ambo ile.

Alhamisi, Kikuyu na Limuru

Jioni nilipanda treni ya Limuru. Inapita Kibera polepole, mahali ambapo maduka yalikuwa yamekaribia kugusa mabehewa hadi mpango wa kuwahamisha wakazi wa ukingoni ulipojenga nyumba na ukuta kandokando ya reli, kisha inapanda Dagoretti na Kikuyu. Kuanzia Kikuyu baridi inaingia kwa madirisha, mashamba ya chai yanaanza kuonekana katika mwanga wa mwisho, na ndani ya behewa watu wanavaa makoti waliyokuwa wameyakunja magotini.

Limuru iko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Reli hii ilikuwa na desturi nzuri ya kuandika kimo cha stesheni kwenye kibao cha jina, nayo ilikuwa na sababu: dereva wa treni ya mvuke alihitaji kujua mlima uliobaki kama alivyohitaji kujua maji yaliyobaki. Hapo ndipo linapoeleweka tangi la maji, ambalo katika stesheni nyingi limesimama juu ya nguzo zake bila kazi tangu injini za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke. Wachoraji wa mipango huliona kama chuma chakavu. Mimi naliona kama maelezo ya kwa nini stesheni iko hapa na haiko kilomita tano mbele.

Nililala Limuru ili nirudi na treni ya alfajiri, na hilo limenionyesha jambo ambalo abiria wa kawaida halioni. Treni ikishaondoka, stesheni inafungwa kwa vitendo hadi jioni. Saa kumi na zaidi za mchana jengo halina mtu, choo kimefungwa, kivuli cha baraza kinatumiwa na wauza mboga ambao hawajui kama wataruhusiwa kubaki. Stesheni yenye uhai kwa muda wa saa mbili tu asubuhi na muda wa saa mbili tu jioni ni vigumu kuitetea mbele ya mtu mwenye mchoro wa jengo la ghorofa. Kwa hiyo anayetaka kuzihifadhi stesheni kongwe aanze kwa kudai treni za mchana, hata kama ni chache. Ratiba inahifadhi jengo kuliko rangi.

Ijumaa, Kijabe

Treni za abiria wa kila siku haziendi ng'ambo ya Limuru, kwa hiyo niliteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa matatu. Huku ndiko wahandisi wa kwanza wa reli walikoteremsha mabehewa kwa kamba kwenye miteremko ya muda, ili ujenzi uendelee bondeni wakati njia ya kudumu ikichongwa mlimani. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu.

Stesheni ya Kijabe imetulia msituni. Hakuna mradi unaoitishia, na hakuna fedha inayoijia. Huduma ya Kisumu ilirejeshwa Desemba 2021, na hilo limeipa njia hii pumzi, lakini treni inayopita mara chache haiwezi kutunza stesheni zote zilizo njiani. Nimekaa hapa kwa saa chache tu.

Jumamosi, njiani kwenda Mombasa

Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, inakwenda kwa kasi ambayo hairuhusu kuona sana, lakini anayejua pa kutazama huiona reli ya zamani ikijitokeza na kupotea: Konza, Kima, Makindu, Kibwezi. SGR imejenga vituo vipya vyenye majina ya zamani kama Emali, Mtito Andei na Voi, na katika kila kimoja mji una stesheni mbili, moja yenye abiria na nyingine yenye historia. Treni ya mwisho ya abiria ya usiku kwenye reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliondoka Aprili 2017. Kwa zaidi ya miaka mia moja miji hii midogo ililishwa na treni ile: wauza mayai, wauza matunda, waliolala stesheni wakimsubiri ndugu. Stesheni zilikatwa kwa mkupuo mmoja, na sikumbuki mjadala wowote mkubwa wa umma uliouliza majengo yake yatafanyiwa nini.

Njiani nilisoma tena Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Sheria hiyo inakitambua kuwa cha kale kitu kinachohamishika ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Chuma cha kwanza cha reli hii kililazwa Mombasa mwaka 1896, na kwa hiyo sehemu kubwa ya vyombo vyake, yaani tokeni, mizani, saa na taa, inaukosa ulinzi huo wa tarehe kwa miaka michache tu. Majengo, kwa upande wake, yanaweza kuwa ya umri wowote, lakini ni lazima waziri ayatangaze katika gazeti rasmi la serikali. Lisilotangazwa halina kinga hiyo. Ninachopendekeza ni kwamba stesheni zitangazwe kwa kundi, njia nzima kwa pamoja, badala ya kusubiri moja moja ikumbukwe wakati tingatinga limeshafika.

Kuhusu fedha, Tokyo wana somo la kutufaa. Jengo lao la stesheni la upande wa Marunouchi, la mwaka 1914, liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945 na kurudishwa katika umbo lake la asili mwaka 2012. Kwa kuwa jengo ni fupi, haki ya kujenga ghorofa juu ya kiwanja chake ilikuwa haijatumika. Wakaihamisha na kuiuza kwa wajenzi wa maghorofa ya jirani, na mapato yakalipia ukarabati. Nairobi ina ekari 425 katika ardhi ya bei ghali kuliko karibu yote nchini. Haiwezi kusema kweli kwamba imekosa pesa za kuezeka stesheni ya Kikuyu.

Jumapili, Mombasa

Stesheni ya zamani ya Mombasa iko mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, mahali ambapo mtu alikuwa akishuka na mkoba wake na kutembea hadi Mwembe Tayari bila kuuliza njia. SGR ilipokwenda kuishia Miritini, mji ulibaki na stesheni isiyo na treni, na abiria wakabaki na safari ya matatu ya kumalizia.

Hapa ndipo nilipopata matumaini ya kweli. Mradi wa treni ya abiria wa kila siku wa Mombasa unaiunganisha Miritini na stesheni hii hii ya zamani kwa reli ya geji ya mita, yaani yenye upana wa mita moja kama reli ya zamani, na daraja la kuvuka Makupa. Yaani treni mpya, badala ya kuiua stesheni kongwe, ndiyo inayoirudishia kazi. Nimetembea kandokando ya uzio nikiutazama uwanja wake mpana, mapaa yake marefu yanayokinga jua la pwani na mvua ya masika, na nafasi ya jukwaa inayotosha treni ndefu kuliko zitakazoletwa. Waliochora stesheni hii walijua joto la mahali hapa. Mchoro wowote wa kisasa utakaotaka kuziba kuta na kuweka vioo ungefanya vyema kwanza kukaa chini ya paa hili saa nane mchana.

Mama mmoja anayeuza maji ya madafu nje ya lango aliniuliza kama mimi ni mtu wa reli, nami nikamweleza kwamba natazama tu.

“Basi andika,” akasema, “na sisi wa langoni tuhesabiwe. Stesheni bila sisi ni ukuta.”

Nimeandika. Katika orodha ya vitu vya kutangazwa, ambayo nimeanza kuiandaa stesheni kwa stesheni kuanzia Mombasa, nimeongeza safu ya walioko langoni, karibu na safu za jengo, jukwaa, ghala, tangi la maji na nyumba ya stesheni masta. Kwa kila stesheni nataka ijulikane nani anamiliki kiwanja, jukwaa jipya limepangwa kuwa umbali gani kutoka baraza la zamani, na tiketi zitauziwa wapi. Majibu ya maswali hayo yamo katika michoro ambayo wahandisi wanayo tayari, na umma una haki ya kuiona kabla ya zege kumwagwa.